Nane ya Minani

Alhamisi, jioni. Mvua ilianza alasiri na imekatika sasa hivi. Viatu vyangu viko nje vimejaa tope, kanga imelowa hadi magotini, na mikono yangu inanuka majivu na mawese hata baada ya kuisugua kwa sabuni. Nimechoka. Nina furaha pia, na bado nina hasira kidogo, na sijui nianze na lipi.

Nianze na hasira. Hiyo ndiyo inayonijia haraka, mama yangu aliniambia hivyo tangu nikiwa Tanga.

Jumatatu asubuhi, baada ya paredi, Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. Alikuwa amekaa na balozi wa nyumba kumi wa kule kwenye kijiji kipya cha ujamaa, ng'ambo ya mashamba ya michikichi, ambako watoto wetu wengi wametoka. Balozi alikuwa ameshika kofia mapajani na hakuniangalia usoni. Mwalimu Mkuu ndiye aliyesema. Wazazi wamelalamika. Mwalimu mgeni kutoka pwani anawafundisha watoto wao kuandika talasimu.

Nilicheka. Nakuapia, shajara, nilicheka mbele ya balozi wa watu, nikadhani ni utani wa watani.

Haukuwa utani. Mtoto mmoja wa darasa langu la tatu amechora kwa mkaa, kwenye mlango wa nyumba yao, miraba tisa yenye namba ndani. Mama yake aliporudi kutoka kwenye mawese na kuuona mlango, alipiga ukelele hadi majirani wakajaa. Mtoto huyo ni Minani. Na Minani hakuja shule Jumatatu, wala Jumanne, wala jana.

Minani!

Ingekuwa mwingine ningesikitika na kuendelea na kazi. Nasema ukweli, darasa limefurika, wengine wanakaa sakafuni, na kuna watoto ambao hata majina yao bado nayatafuta kichwani. Lakini Minani ndiye mtoto aliyenifundisha kwamba nilikuwa sifundishi.

Nilipofika hapa Ujiji nilikuta hesabu zinaimbwa. Mwalimu anapiga fimbo mezani, watoto wanaimba jedwali, mbili mara mbili nne, mbili mara tatu sita, sauti tamu mpaka wapita njia wanasimama kusikiliza. Nami nikaimbisha. Minani aliimba kuliko wote. Ukimpa hesabu ya kuandika, anakosa. Leo anapata, kesho anakosa, bila utaratibu wowote. Nikamweka kwenye kundi la wazito.

Kisha nikakumbuka mafumbo ya namba aliyotufundisha mkufunzi wetu chuoni. Chaki hatuna za kuchezea, kwa hiyo niliwatoa uwanjani. Kila mmoja akachora kwa kijiti mraba wenye vyumba tisa, akaokota kokwa za michikichi, ambazo hapa zimezagaa kila mahali. Sheria ni fupi. Vyumba ni tisa, idadi ni moja hadi tisa, kila moja itumike mara moja tu, na kila safu ukiijumlisha, ya kulala, ya kusimama na ya kukatisha kona kwa kona, itoke kumi na tano. Mimi ninawapa tatu za kuanzia, zilizobaki wazitafute wenyewe.

Nikatamka: kona ya juu kushoto, nane. Juu katikati, moja. Katikati kabisa, tano.

Siku ya kwanza ilikuwa fujo tupu. Siku ya pili fujo ilipungua. Wiki hiyo ilipokwisha nilikuwa na watoto waliokataa kwenda mapumziko. Na Minani alikuwa amechuchumaa mbele ya mraba wake analia.

Nikainama niangalie. Kona ya juu kulia kokwa kumi. Kona ya chini kushoto hakuna kitu. Upande wa kushoto, katikati, kokwa kumi na moja. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hapa katikati imeshapita kumi na tano na bado sijaweka cha mwisho. Natakiwa niweke kitu ambacho hakipo."

Nilitaka kumkemea kwamba kumi na kumi na moja hazimo kwenye mchezo. Mdomo ulishafunguka. Kisha nikaona kona ya kwanza. Nilisema nane. Yeye ameweka nne.

Ukiweka nne pale, shajara, kila kitu alichofanya mtoto yule ni sawa! Nimekirudia kwenye karatasi. Lazima upate kumi kule, lazima ubaki na chumba kitupu huku, na lazima ufike mahali hesabu inakukatalia. Alikuwa amejumlisha na kutoa bila kosa hata moja, tena nyingine kubwa kuliko nilizomfundisha, na huyu ndiye mzito wangu.

Nikamwuliza, nane ni ngapi? Akanionyesha vidole vinne.

Hapo nikawaomba wote wahesabu kwa Kiha. Walisita kwanza, maana shuleni Kiha ni kosa. Kisha wakaanza kwa aibu na kumalizia kwa kelele: rimwe, kabhiri, gatatu, kane, gatanu, gatandatu, ndwi, munani, kenda, kumi. Kane! Nyumbani kwao nne ni kane. Mimi nasimama mbele na Kiswahili changu cha Tanga ninachojivunia, natamka nane, na mtoto anasikia nne ya mama yake. Kwenye wimbo hakuna anayejua nani anafikiri nini. Wanaimba wote, wanapatana wote, nami natoka darasani kifua mbele. Mraba hauimbiki. Ukisikia vibaya, utakuumbua palepale.

Kenda nayo ilinichekesha. Bibi yangu alisema kenda maisha yake yote, tukamwona wa kizamani.

Nikauliza tena, nane kwenu ni nini? Munani, wakasema. Nyabenda, ambaye hawezi kufunga mdomo hata akiadhibiwa, akapiga yowe, "Munani ni Minani! Minani ni nane!" Darasa zima likaangua kicheko, na nikaambiwa mambo ambayo kila mtu hapa anayajua isipokuwa mwalimu wao. Minani ni jina la mtoto wa nane kuzaliwa. Nyandwi ni wa saba. Nyabenda mwenyewe ni wa tisa. Nimekuwa nikiita namba kwenye mahudhurio kila asubuhi bila kujua.

Minani alifuta machozi kwa kiganja kilichojaa vumbi. Akatoa kokwa zote, akaanza upya na nane kwenye kona. Alimaliza kabla ya wote, akasimama kando ya mraba wake kama amejenga nyumba.

Tangu siku hiyo hakukosa nane tena. Na kwa furaha hiyo ndiyo akaenda kuichora mlangoni kwao, nane kubwa kuliko namba nyingine zote.

Sasa Mwalimu Mkuu. Sio mtu mbaya, nisije nikamwonea. Mkaguzi anakuja wiki ijayo, na anataka akute watoto wanaimba jedwali, shamba la mihogo limepaliliwa, na wazazi hawana neno. Akaniambia, "Ndugu Zena, elimu ya kujitegemea haina nafasi ya bao. Futa hiyo miraba. Rudi kwenye jedwali." Balozi akaitikia kwa kichwa. Nikasema ndiyo, Mwalimu Mkuu. Nilisema ndiyo kwa sababu nilijua nikisema neno la pili nitasema na la kumi.

Usiku wa Jumatatu nilikuwa nimeshawahukumu wanakijiji wote kuwa wajinga. Jumanne nikaendelea. Jana, nikikunja nguo, nikakumbuka kitu, nikakaa kitandani na nguo mikononi.

Mimi nilivaa hirizi. Nikiwa mdogo nilikuwa na degedege, na baba alinipeleka kwa maalimu wa mtaani kwetu. Maalimu aliandika karatasi, akaikunja, fundi wa ngozi akaishona, nikaivaa shingoni mpaka nilipoanza shule ya kati na kuionea haya. Kabla haijakunjwa niliiona. Miraba tisa, na namba za Kiarabu ndani.

Mraba uleule.

Wapo watu Ujiji hii hii wanaoandika hivyo, na kila mtu anajua nyumba zao. Wengine wanaendewa kwa kinga, wengine wanasemwa kwa mengine. Mimi, mtoto wa pwani, niliyekuwa na huo mraba kifuani, ndiye niliyeshangaa mama wa Kiha kuuogopa mlangoni kwake! Kuna ujinga wa kutojua, na kuna ujinga wa kujua kisha ukasahau kwa sababu umesoma. Wangu ni huo wa pili.

Basi leo, kipindi cha mwisho kilipokwisha, nilivaa kanga juu ya gauni nikaenda. Mvua ilinikuta kwenye michikichi. Ningeweza kurudi. Lakini nilijiambia, ukirudi leo, kesho utapata sababu nyingine, na mtoto atakuwa ameshazoea kukaa nyumbani.

Nyumba yao ni ya tatu kwenye mstari, zile zilizojengwa kwa mstari watu walipohamishwa kutoka mabondeni. Mama yake Minani alikuwa chini ya kibanda cha nyasi pembeni, anakoroga mawese kwenye pipa juu ya moto. Mwanamke mrefu, mkavu, mikono imekuwa ya rangi ya mafuta. Nikamwamkia kwa Kiha pekee ninachokiweza. "Mwakeye, mama!"

Mwakeye ni salamu ya asubuhi. Ilikuwa inakaribia saa kumi.

Nyuma ya mlango nikasikia kicheko kinabanwa. Nikajua Minani yupo na ni mzima. Mama hakucheka. Akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu, akasema, "Wewe ndiye Mwarimu."

"Ndiye mimi. Shikamoo mama."

"Marahaba. Tazama mlango wangu."

Nikautazama. Wameusugua lakini mkaa umeingia kwenye mbao, na miraba bado inaonekana, nane ile kubwa kwenye kona. Nikaanza kueleza. Nikasema hesabu, nikasema akili, nikasema mtaala, nikajisikia ninavyoongea kama redio. Aliendelea kukoroga. Nilipofika mwisho akaniuliza swali moja tu.

"Maandishi haya ni ya kulinda au ya kuchukua?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kwetu nimeona watu wakiyaandika kwa kulinda, na mimi mwenyewe nilivalishwa. Lakini haya ya shuleni si ya kulinda wala ya kuchukua. Ni ya kufikiri.

Akaacha kukoroga. "Nimezaa munani, Mwarimu," akasema. "Wamebaki bhane."

Wanne. Safari hii sikuhitaji mtu wa kunifasiria. Wiki nzima nilikuwa nikisimama darasani nikisema kwa ukali, nane si nne, jamani, nane si nne. Nilitamani ardhi inimeze.

Wa nane ndiye huyo aliye nyuma ya mlango. Baada yake hakupata mwingine. Na asubuhi moja anarudi nyumbani anakuta mtu ameandika kwenye mlango wake, na namba ya mtoto huyo imeandikwa kubwa kuliko zote. Mimi ningefanya nini? Ningepiga ukelele kumshinda.

Niliomba majivu na maji. Akanitazama kama hajasikia, kisha akanionyesha kwa kidevu. Nikafunga kanga kiunoni nikausugua ule mlango mwenyewe, kwa majivu na kumbi la mchikichi, mpaka mbao zikabaki tupu. Ilichukua muda. Jirani wawili walikuja wakasimama kwenye mvua kuangalia mwalimu anavyosugua, na nadhani wameshalipeleka neno kijiji kizima. Walipeleke tu. Lisemwalo lipo.

Nilipomaliza, mama alinisogezea kigoda karibu na moto. Ndipo Minani akatoka. Alikuwa amekonda, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Hakunisalimia. Alichuchumaa kwenye udongo mkavu chini ya kibanda, akachora vyumba tisa kwa kidole, akaanza kupanga kokwa. Nilidhani mama atazipiga teke. Hakuzipiga. Alitazama mikono ya mwanawe.

Minani alihesabu kwa Kiha, kwa sauti, kila kokwa. Munani kwenye kona. Rimwe. Gatandatu. Kisha akamshika mama yake mkono, akampitisha kidole kwenye safu ya juu, wakahesabu pamoja. Kumi na tano. Safu ya kusimama, kumi na tano. Ya kukatisha, mama alihesabu peke yake, midomo ikicheza, na alipofika mwisho akarudia tangu mwanzo kwa sababu hakuamini. Akajaribu nyingine. Akajaribu zote. Mawese yalikuwa yanachemka mpaka yanataka kumwagika na hakuna aliyeyajali isipokuwa mimi, nami sikuthubutu kusema.

"Nani anazipanga hivi?" akauliza.

"Yeye," nikasema. "Mimi nampa tatu tu. Zilizobaki anazitafuta mwenyewe."

Akamtazama Minani kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole kwenye ile kona yenye kokwa nane, bila kuzigusa.

"Na ukizitoa hizi? Nyingine zinabaki sawa?"

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Mtu akiniuliza ukizitoa, mkono wangu unatoa. Nilizichota zote nane kwenye kiganja ili nimwonyeshe. Nikamwambia, tazama mama, safu ya juu sasa imepungua. Ya upande huu imepungua. Ya kukatisha nayo. Hizi nyingine hakuna aliyezigusa, ziko palepale, lakini hazitimii tena. Na huwezi kuliziba pengo kwa kokwa za chumba kingine, maana huko nako...

"Rudisha."

Alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto kutokana na pipa, na alinibana kweli, alama bado ninayo ninapoandika.

"Mwarimu. Rudisha."

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimekifanya mbele yake. Nikazirudisha. Moja ikaangukia nje ya mstari, na yeye mwenyewe akaiokota akaiweka ndani. Akazihesabu. Munani. Alipumua kwa nguvu, akainuka, akaenda kuliangalia pipa lake.

Minani hakuinua kichwa. Nami nililia kidogo, naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma, na moshi ulinisaidia kuficha.

Nilipoaga, mama hakugeuka. Alisema huku akikoroga, "Mlangoni asiandike. Kwenye karatasi asiandike. Kwa kokwa, sawa." Nikasema sawa mama. Nilikuwa nimeshafika kwenye njia aliponiita tena, kwa sauti ya mtu anayegombana.

"Kesho atakuja."

Nimerudi nikikimbia na kuteleza, watu wa Ujiji wameniona, yaani nimekuwa habari ya mji. Haidhuru.

Sasa nimeshakunywa chai na akili imetulia. Mwalimu Mkuu alisema nifute miraba, na leo nimeufuta mmoja kwa mikono yangu, ule wa mlangoni. Wa uwanjani siufuti. Nitakwenda ofisini kwake kabla ya paredi, nitamsalimia kwa adabu zote, na nitamwomba atoke nje aangalie kwa macho yake. Nitamweleza kuhusu nane na kane. Nitamwambia mtoto anaweza kuimba jedwali mwaka mzima na nne ikawa imejificha ndani ya nane yake, na hakuna mkaguzi atakayeisikia. Akitaka nyimbo, tutaimba pia, sauti tunazo. Akisema hapana, nitamwuliza anionyeshe wapi imeandikwa kwamba kujitegemea kunaanzia kwenye jembe na si kwenye kichwa. Hapo pengine nitakuwa nimeharibu. Mama yangu angeniziba mdomo. Lakini nimeamua. Akitaka kuniandikia barua ya uhamisho aniandikie, ilimradi watoto wawe wameshajua kuutafuta mraba bila mimi.

Asubuhi nitawahi kabla ya kengele nikachore vyumba tisa vikubwa uwanjani, vya kusimamia watu. Udongo utakuwa bado laini kwa mvua hii. Kona ya juu kushoto, ile ya nane, sitaweka kokwa. Nitaiacha wazi, na nitamsubiri mwenyewe aje asimame.